Filamu Ndogo, Gazeti Kubwa, na Amri ya Nane



Katika mafundisho ya dini tumezoea kueleza amri ya nane kwa mifano ya nyumbani: jirani anayemsingizia jirani, shahidi anayedanganya mbele ya chifu au mbele ya hakimu, watu wawili njiani wanaomchambua wa tatu asiyekuwapo. Mifano hiyo ni ya kweli wala haijazeeka. Lakini kuna ushahidi mwingine unaotolewa kila siku mbele ya maelfu ya watu, na anayeutoa haapishwi na mtu: ni ushahidi wa gazeti. Katika huo tumechagua sehemu moja ambayo huenda ikaonekana ndogo, nayo ni pale gazeti linapoeleza filamu ambayo wasomaji wake hawataiona.

Swali letu ni hili: mwandishi wa gazeti kubwa akiandika juu ya filamu ndogo, iliyotengenezwa na mtu asiye na kampuni kubwa nyuma yake, anawiwa kweli kiasi gani? Je, yatosha nia yake iwe njema? Je, yatosha habari yake ifanane-fanane na filamu? Sisi twajibu kwamba haitoshi. Tena twasema: kadiri filamu ilivyo ndogo, ndivyo deni la kweli linavyozidi kuwa kubwa. Tueleze kwa nini.

Filamu ndogo ni ipi?

Filamu kubwa ya Marekani huonyeshwa katika nchi zote. Hata hapa Kalemie vijana huijua, kwenye nyumba za video au katika simu zao. Gazeti likikosea kueleza filamu ya namna hiyo, watu elfu watacheka na kulisahihisha. Filamu ndogo si hivyo. Hutengenezwa na mtu mmoja au wachache, kwa fedha kidogo, mara nyingi bila waigizaji wa sifa, mara nyingine bila sauti ya msimulizi. Mtengenezaji hujaribu njia mpya ya kusema: anaweka picha kando ya picha, anamwachia mtazamaji kazi ya kuziunganisha. Huonyeshwa siku chache katika tamasha au chuo, kisha watu wengi hawaioni tena.

Filamu za namna hiyo si ngeni katika nchi yetu. Wazee wanakumbuka miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa Shirika la Scheut alipotengeneza huko Kasai vichekesho vya Matamata na Pilipili, vikaonyeshwa misioni kwa misioni. Leo yuko Petna Ndaliko Katondolo wa Goma, mwanzilishi wa Yole!Africa, ambaye filamu zake hazifuati njia iliyonyoka ya hadithi. Yuko Dieudo Hamadi wa Kisangani. Filamu yake ya mwaka 2020, En route pour le milliard, inawafuata watu waliokatwa viungo katika Vita ya Siku Sita ya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wao. Watu hao wanashuka mto Kongo kwa mashua mpaka Kinshasa kudai fidia yao.

Tuulizane: katika parokia zetu, ni wangapi walioiona filamu hiyo? Wachache sana. Wengine wote wanaijua kwa kusoma au kwa kusikia redioni. Basi hapo mwandishi wa gazeti hatuelezi jambo ambalo sisi wenyewe twaweza kulikagua. Yeye ndiye macho yetu. Anafanana na mtu anayemshika kipofu mkono njiani. Mtu huyo hawezi kujitetea akisema, nilikosea hatua moja tu. Hatua moja yatosha kumtia kipofu shimoni.

Habari ya Mwanza

Sasa tutoe mfano mkubwa, nao si wa mbali. Umetoka ng'ambo ya pili, Tanzania, katika mji wa Mwanza kwenye Ziwa Victoria. Tena unahusu samaki, jambo ambalo sisi watu wa ziwani hatuhitaji kufundishwa.

Wasomaji wanamjua sangala wa Ziwa Tanganyika, na ndugu yake mdogo mikebuka. Katika Ziwa Victoria yuko ndugu yao mkubwa, wanayemwita sangara. Hakuwa wa ziwa lile. Alitiwa humo na watu katika miaka ya 1950 na 1960, akala samaki wengi wa asili, akaongezeka mno. Viwanda vikajengwa, minofu ikapelekwa Ulaya kwa ndege za mizigo.

Mtengenezaji mmoja kutoka Austria, jina lake Hubert Sauper, alikwenda Mwanza akiwa na kamera ndogo na msaidizi wake. Filamu yake ilionyeshwa Venice mwaka 2004. Kwa Kifaransa inaitwa Le Cauchemar de Darwin, yaani Jinamizi la Darwin. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César huko Ufaransa, ikawa pia mojawapo ya filamu tano zilizoshindania Oscar ya filamu za kweli. Filamu ndogo ikapata sauti kubwa.

Ndani yake mna nini? Mna viwanda vya samaki na wenye viwanda. Mna marubani kutoka Urusi na Ukraine, na ndege zao kuukuu. Mna wanawake wanaouza miili yao kwa marubani hao, mna watoto wasio na kwao wanaolala barabarani, mna vichwa na mifupa ya samaki, wanayoiita mapanki, ikianikwa juani penye funza na harufu kali. Tena mtengenezaji anauliza mara kwa mara: ndege hizi zikija kuchukua samaki, zinaleta nini? Wengi wanamjibu kwamba huja tupu. Mwandishi mmoja wa habari wa pale Mwanza anasema mengine, anazungumza juu ya silaha. Mwishoni rubani mmoja anasimulia kwa uchungu kwamba zamani alipeleka vyombo vizito vya vita Angola, kisha akaenda Afrika ya Kusini kupakia zabibu za kupelekwa Ulaya.

Tuangalie vizuri. Rubani amesema Angola, hakusema Mwanza. Amesema zabibu, hakusema samaki. Filamu haionyeshi hata bunduki moja ikishushwa katika uwanja wa Mwanza. Inauliza, inaweka picha karibu na picha, inatia shaka moyoni mwa mtazamaji. Mtengenezaji ana haki ya kuuliza hivyo, na swali lake halikuwa la kipuuzi, kwa maana silaha zimepita kwa ndege katika viwanja vingi vya nchi hizi za Maziwa Makuu.

Lakini filamu ilipofika Ulaya, magazeti yalifanya nini? Baadhi yao yaliandika kama jambo lililothibitishwa: ndege zinaleta silaha Mwanza, zinarudi na samaki. Swali likageuka jibu. Msomaji wa Ulaya, asiyejua Mwanza iko wapi, akabaki na sentensi moja kichwani: ukila samaki huyu, unalipia bunduki. Wengine wakaanza kusema samaki huyo asinunuliwe, ingawa filamu yenyewe haikuwaomba hivyo.

Wavuvi wa Mwanza hawakuwa na sababu ya kulidharau jambo hilo. Walikuwa wamekwisha kuonja. Kati ya miaka 1997 na 2000 nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwa hofu ya magonjwa na ya sumu, na mapato yakaanguka. Mtu wa ziwani anajua maana yake: nyavu zimenunuliwa kwa mkopo, watoto wanangoja ada ya shule, na tajiri hachukui samaki tena.

Mwisho wa mwaka 2005 mwanahistoria Mfaransa, François Garçon, aliandika katika jarida la Les Temps modernes kuipinga filamu, na mwaka 2006 akatoa kitabu. Aliuliza swali la haki: ushahidi wa silaha uko wapi? Lakini katika ugomvi huo naye alivuka mpaka. Sauper alimshitaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia hatiani kwa kumkashifu kwa baadhi ya maneno aliyoyasema. Mwaka 2009 mahakama ya rufani ikathibitisha hukumu hiyo.

Katika Tanzania nako moto ukawaka. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu katika hotuba yake, na watu wakaandamana Mwanza. Tujiulize ni wangapi kati yao walikuwa wameiona. Yule mwandishi wa habari wa Mwanza aliyezungumza ndani yake alisumbuliwa na wakuu, hata uraia wake ukatiliwa shaka. Basi tazameni: waliotajwa vibaya waliumia, aliyetengeneza aliumia, aliyeshuhudia aliumia. Na mtoto wa barabarani, ambaye filamu ilimwonyesha akigombania wali, ni nani aliyeendelea kumtaja? Ugomvi wote ulikuwa juu ya ndege na juu ya heshima ya nchi. Mtoto alisahauliwa.

Mambo manne yasiyopaswa kuchanganywa

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kweli ni kulingana kwa akili na kitu chenyewe. Katika kueleza filamu, "kitu chenyewe" si kimoja, ndiyo maana watu wanapotea. Kuna mambo manne, na mwandishi mwaminifu huyatenga kama muuza samaki anavyotenga ndakala wabichi na wakavu.

La kwanza ni kinachoonekana: ndege, rubani, mtoto, mifupa ya samaki. La pili ni kinachosemwa na watu walio ndani ya filamu. Huo ni ushahidi wao, wala si wa kamera. Rubani akisema alikwenda Angola, tumeona rubani akisema, hatukuona Angola. La tatu ni kinachodokezwa, yaani yale ambayo mtengenezaji anataka tuyawaze anapounganisha picha mbili. La nne ni kile anachokiongeza mwandishi wa gazeti mwenyewe, kwa hasira yake, kwa huruma yake, au kwa haraka yake.

Kila mojawapo lina nafasi yake. Hatumkatazi mwandishi kuwa na hasira mbele ya dhuluma. Kosa ni kulichukua la nne akalivika nguo ya la kwanza, au kulichukua lililodokezwa akasema limeonekana. Hapo msomaji anapewa fedha ya bandia. Ana haki ya fedha halisi, maana atakwenda kununua nayo: atamhukumu mtu, atachukia nchi, atakataa samaki.

Mama Kanisa ameliona jambo hili kwa muda mrefu. Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili aliandika barua Miranda Prorsus mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni. Baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba watu wana haki ya kupewa habari, na kwamba habari hizo ziwe za kweli, tena kamili kadiri haki na mapendo yanavyoruhusu. Tuangalie: haki kwanza ni ya msomaji. Gazeti linaposema kweli halitoi sadaka, linalipa deni.

Mashahidi wa hekalu

Labda mtu atasema: filamu za majaribio zinasema kwa mafumbo, basi haiwezekani kuzieleza sawasawa. Kinyume chake, fumbo ndilo linalodai uangalifu zaidi. Tunao mfano katika Injili.

Bwana wetu alisema juu ya hekalu litakalobomolewa na kusimamishwa siku ya tatu. Mwinjili Yohane anatueleza kwamba alikuwa akisema juu ya hekalu la mwili wake. Usiku wa kuhukumiwa, mashahidi walikuja mbele ya Kayafa wakasema wamemsikia akinena kwamba yeye atalivunja hekalu la Mungu. Je, walitunga neno lote? Hapana. Walikuwa wamesikia jambo kweli. Walibadili kidogo tu: waliloambiwa kwa fumbo walilifanya tishio, na tendo walilitia mikononi mwake yeye mwenyewe. Hata hivyo Injili inawaita mashahidi wa uongo. Marko anaongeza kwamba ushahidi wao haukupatana.

Basi tujifunze hapa jambo zito. Shahidi wa uongo si yule tu anayetunga asichokiona. Ni yule pia anayechukua fumbo la mwenzake akalitangaza kama tamko la wazi. Mtengenezaji anayeuliza "zinaleta nini?" hajasema "zinaleta silaha". Anayemsemea hivyo amemwekea maneno kinywani, hata kama anamsifu. Sifa ya uongo nayo ni uongo.

Neno "wa kwanza"

Si kila kosa lina uzito wa Mwanza. Kuna makosa madogo ambayo magazeti huyapenda, nasi tutaje moja kwa kuwa linatugusa Wakongo. Ni neno "wa kwanza".

Mwaka 2020 ile filamu ya Hamadi ilipochaguliwa na tamasha la Cannes, iliandikwa kwamba ni filamu ya kwanza ya Kongo kuchaguliwa huko. Mwaka ule tamasha lenyewe halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya korona. Mwaka 2023 Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, alionyesha filamu yake Augure huko Cannes, akapata tuzo. Magazeti kadhaa yakaandika tena: Mkongo wa kwanza. Msomaji anayekumbuka atauliza, wa kwanza ni yupi? Kila moja laweza kuwa kweli likitajiwa mpaka wake: huyu kwa filamu ya mambo halisi, yule kwa hadithi ya kutungwa iliyotolewa pia kwa jina la Ubelgiji. Bila mpaka, wa pili anamfuta wa kwanza, na wote wawili wanawafuta wazee wao. Kwa maana Mweze Ngangura alikwisha kutengeneza La Vie est belle pamoja na Benoît Lamy, filamu iliyotoka mwaka 1987, Papa Wemba akiigiza. Na filamu yake Pièces d'identités ilishinda tuzo kuu ya FESPACO huko Ouagadougou mwaka 1999.

Sisi wa jimbo la Kalemie-Kirungu tunajua kutumia neno hilo kwa adabu. Tunasema kwa furaha kwamba Padri Stefano Kaoze, aliyepewa daraja mwaka 1917 huko Baudouinville, ambako leo twaita Kirungu, alikuwa padri Mkongo wa kwanza. Lakini mwalimu mwangalifu huongeza: wa kwanza katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Kwa maana karne nne kabla yake, Henrique, mwana wa mfalme Afonso wa ufalme wa Kongo, alikwisha kuwekwa hata askofu. Je, nyongeza hiyo inampunguzia Padri Kaoze heshima? Hata kidogo. Inaipa msingi, isije ikatikiswa na mtoto wa shule aliyesoma historia.

Wanaotupinga

Wako watakaosema: "Dhuluma ya Mwanza ilikuwa ya kweli. Mwandishi akiongeza neno moja ili watu waamke, kuna ubaya gani?" Hili ndilo pingamizi kubwa, kwa sababu linatoka katika moyo mwema. Tulijibu mara mbili.

Kwanza kwa mafundisho. Mtakatifu Agostino aliulizwa kama yafaa Mkatoliki ajifanye mzushi, aseme uongo, ili awanase wazushi wanaojificha. Nia ilikuwa njema. Akaandika kitabu kizima kukataa. Ukiitetea kweli kwa uongo, umekwisha kubomoa kile unachokitetea. Naye Mtakatifu Paulo anakataza kutenda mabaya ili mema yapatikane.

Pili kwa mambo tuliyoyaona sisi wenyewe. Silaha zilizotajwa katika habari ile, ziliua nani? Ziliua sisi. Toka mwaka 1998 vita ilipofika Kalemie, hakuna anayetuzidi kutaka kujua bunduki zilitoka wapi, zikapita uwanja gani, nani akapokea fedha. Basi sisi ndio tunaodai neno kamili. Umoja wa Mataifa ulipokataza silaha kuingia mashariki mwa nchi yetu mwezi wa Julai 2003, mwaka uliofuata uliweka wataalamu wa kuchunguza, nao huandika namba za ndege, tarehe, na majina ya makampuni. Hayo mtu mwenye hatia anayaogopa. Lakini gazeti likiandika kwa ujumla tu, "ndege za samaki zinaleta silaha", mwenye hatia anafurahi. Atasimama aseme: "Leteni ushahidi!" Ukikosekana, atatoka nje mweupe, na siku ushahidi wa kweli ukija, watu watakuwa wamechoka kusikia. Uongo unaosemwa kwa ajili ya maskini humwachia tajiri mlango wa nyuma.

Wengine watasema: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii ina hekima yake, lakini si hekima ya hakimu. Sheria ya Musa ilitaka mashahidi wawili au watatu, tena waliojua jambo wenyewe. Magazeti kumi yaliyonakili gazeti moja si mashahidi kumi. Ni shahidi mmoja na mwangwi tisa. Hapa Kalemie tunajua uvumi unavyofanya kazi. Neno moja sokoni juu ya askari walioonekana barabarani, na kabla ya jua kutua mama wamefunga vitu na watoto mgongoni, huku aliyeona askari hao hajulikani.

Wengine tena watasema: "Mwandishi ana haraka, nafasi yake katika gazeti ni ndogo." Nafasi ikiwa ndogo, aseme machache. Hailazimu machache hayo yawe na shaka. Kuandika "filamu inadokeza" hakuchukui nafasi zaidi ya kuandika "filamu inathibitisha". Tofauti ni neno moja, na neno hilo halina bei.

Wa mwisho watasema: "Filamu za namna hii kila mtu huzielewa apendavyo." Maana, ndiyo, yaweza kuwa nyingi, na wawili wanaweza kutofautiana kwa haki. Lakini nani alisema, alisema nini, wapi, mwaka gani, nani alitengeneza, hayo hayapigiwi kura. Uhuru wa kufasiri hauleti uhuru wa kubadili.

Wajibu wetu wasomaji

Tusifikiri kwamba maneno haya ni kwa waandishi wa Paris au Dar es Salaam tu. Msomaji naye ana sehemu yake. Mtakatifu Tomaso anakataza hukumu ya haraka, yaani kumhukumu mtu kwa dalili hafifu, na anafundisha kwamba jambo likiwa na shaka tulielekeze upande ulio mwema. Dhambi hiyo haihitaji gazeti. Yatosha simu mkononi na kidole kinachotuma.

Basi tunaposoma habari ya filamu tusiyoiona, tujizoeze kuuliza maswali matatu. Je, mwandishi mwenyewe ameiona yote, au anarudia la mwenzake? Je, anatenga kilichoonekana, kilichosemwa na kilichodokezwa? Je, wale walioonyeshwa katika filamu wamesikilizwa, au wamesemewa tu? Majibu yakikosekana, hatulazimiki kusema kwamba habari ni ya uongo, kwa maana hiyo nayo ingekuwa hukumu ya haraka. Tunaizuia midomoni mwetu tu, kama mtu azuiavyo pesa ambayo hajahakikisha ni ya nani.

Na katika jumuiya zetu, vijana wanaopenda sinema wakitusimulia filamu, wazee wawasikilize, kisha wawaulize kwa upole: hilo uliliona, au uliambiwa? Swali hilo dogo ni shule kubwa. Kijana aliyelizoea, akiwa kesho mwandishi wa redio, hakimu, au mwalimu, hatawaza kwamba kweli ni mapambo ya kuongezwa nafasi ikibaki.

Wako pia wanaotengeneza. Katika miji yetu wapo vijana wenye kamera ndogo, na mmoja wao huenda kesho akaonyesha Kalemie kwa ulimwengu: bandari, mto Lukuga, wavuvi wa usiku na taa zao. Ulimwengu hautaiona filamu yake, utasoma tu habari zake. Tunamwombea apate shahidi anayejua kutofautisha swali na jibu. Na wale watakaoonekana ndani yake, mama muuza ndakala na mtoto anayebeba maji, wasije wakashangaa siku moja kusikia kwamba ng'ambo wamefanywa watu wasiowajua.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi wa habari, utuombee.